Mluzi wa Langoni: Kumtungia Rafiki Marehemu Kipande cha Piano

Swali: Mwalimu, natumai u mzima. Mimi ni dada wa miaka thelathini na mmoja, mpiga kinanda wa kwaya ya kanisa hapa Kisumu, na piano nimesoma hadi gredi ya tano. Mwezi wa Agosti tutafanya kumbukumbu ya mwaka mmoja ya rafiki yangu aliyefariki katika ajali ya barabarani. Aliimba sauti ya tatu, yaani teno, katika kwaya yetu kwa miaka tisa. Familia yake imeniomba nitunge kipande cha piano kisicho na maneno, kipigwe nyumbani kwao Seme. Nimejaribu mara nne. Kila nikianza, kinachotoka hufanana na wimbo wa kitabu cha nyimbo, au huwa huzuni tupu ambayo hata mimi mwenyewe siiamini. Je, ni lazima kiwe cha huzuni? Nimesikia kwamba jina la mtu linaweza kuandikwa kwa noti, hilo linafaa? Na je, niweke ndani wimbo wa ibada alioupenda? Nisamehe kwa urefu wa barua. Hadi leo, kila Jumamosi jioni saa za mazoezi, nadhani nitausikia mluzi wake langoni, so la mi, kabla hajaingia.

Jibu: Dada yangu, pokea pole zangu kwanza, kwa maana mwaka mmoja ni muda mfupi sana kwa mtu mliyeketi naye mazoezini miaka tisa. Barua yako nimeisoma mara tatu. Maswali yako nitayajibu, lakini nitaanza na sentensi yako ya mwisho, ile uliyoiandika kama mtu anayeaga huku ameshika kitasa cha mlango, kwa sababu nadhani kipande unachokitafuta kimo mle tayari. Mara nne umeketi mbele ya kinanda ukiitafuta huzuni, na huzuni haina noti zake yenyewe; kila mfiwa anayo, na ikishatiwa katika kodi za maina (sisemi kodi ya nyumba, nasema noti zinazopigwa kwa pamoja, na za maina ndizo zenye rangi ya huzuni, tofauti na za meja) ya huyu haitofautiani na ya yule. Mluzi ule ulikuwa wa mtu mmoja tu.

Nayasema haya kwa kuwa nimewahi kukosea. Nikiwa kijana, nilimtungia mwalimu mwenzangu aliyefariki kipande cha dakika tisa katika C maina, chenye kodi nzito kiasi cha kutikisa glasi iliyowekwa juu ya piano. Nilipomaliza kukipiga, mjomba wa marehemu alinivuta kando, akaniuliza kwa upole kama mimi na mpwa wake tulikuwa tumekosana. Marehemu alikuwa mtu wa kucheka mpaka machozi yakamtoka, na katika dakika zile tisa sikuwa nimeweka hata noti moja iliyomjua.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana, si lazima kiwe cha huzuni. Mfaransa Maurice Ravel alianza mwaka 1914 kutunga vipande sita vya piano alivyoviita Le Tombeau de Couperin, akavikamilisha mwaka 1917, baada ya kuhudumu vitani kama dereva wa lori na baada ya kufiwa na mama yake mwanzoni mwa mwaka huo. Kila kipande alikitoa kwa kumbukumbu ya rafiki aliyeuawa vitani, kimoja kikiwa cha ndugu wawili kwa pamoja. Ukivisikiliza bila kuyaona majina yaliyoandikwa juu yake, utadhani ni muziki wa kuchezwa, na baadhi ndivyo vilivyo, kwa sababu forlane, rigaudon na minueti ni dansi za kale za Ulaya. Kipande cha mwisho, chenye kasi ya kuchosha mikono, ni cha Joseph de Marliave, aliyeuawa Agosti 1914. Na mtu aliyevipiga vyote sita hadharani kwa mara ya kwanza, mjini Paris, Aprili 1919, alikuwa Marguerite Long, mjane wa Marliave huyo. Sisi wa huku hatuhitaji kwenda Paris kulijua jambo hilo. Katika tero buru ya Waluo, ng'ombe hukimbizwa na watu huimba na kupiga kelele ili kifo kifukuzwe bomani. Nayo isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa arusini na hupigwa mazishini, kwa ngoma tatu zilezile.

Sasa tuurudie mluzi. Tuseme umechagua ki ya F, yaani ngazi ya noti ambayo do yake ni F, ambayo kwa mkono wa gredi ya tano haina taabu. Basi so, la, mi ni C, D, A: hatua moja ya kupanda, kisha mshuko wa noti nne ukizihesabu zote, kutoka D hadi A. Ni noti tatu tu, na usiongeze ya nne. Mluzi wa binadamu ni sauti ya juu, kwa hiyo uanzie kuupiga juu, oktava mbili juu ya C ya katikati (oktava ni kutoka C moja hadi C inayofuata), mkono wa kulia peke yake, bila kodi yoyote, kama unavyosikika kutoka nje. Kisha nyamaza kwa mapigo mawili. Waliomjua watainua vichwa hapohapo, na hutakuwa umepiga hata sekunde tano.

Baada ya hapo kazi yako ni kuziacha noti hizo tatu kama zilivyo na kubadilisha kilicho chini yake. Weka F meja chini, na mluzi ni kijana aliyefika langoni. Weka D maina chini ya noti zilezile, na utaona kwamba C, D, A zinakaa ndani yake bila kulazimishwa, ila rangi imebadilika kama kiwanja kinavyobadilika wingu likipita. Mara ya tatu weka B flati kwenye besi: ile A ya mwisho itasuguana na B flati, haitakuwa kosa na haitakuwa raha pia, nawe usiitulize, iache mpaka ififie yenyewe. Huzuni uliyokuwa ukiitafuta kwa mara nne imo katika kusuguana huko, na imetokea bila wewe kuubadilisha mluzi wa rafiki yako hata kidogo.

Ningependa pia kila mara mluzi unapotokea ushuke oktava moja. Mara ya kwanza uko juu kabisa, katikati ya kipande uko mahali pa soprano, na mwishoni uko chini ya mkono wa kushoto, C ya katikati na D iliyo jirani yake, halafu A iliyo chini yao. Hapo ni mahali pa sauti ya tatu. Yaani mluzi utakuwa umeingia langoni, umevuka kiwanja, na umeketi kwenye benchi lake.

Hilo la sauti ya tatu linastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu ndilo lenye siri ya kipande chako. Umeandika kwamba kila unachotunga hufanana na wimbo wa kitabu cha nyimbo, nawe unalihesabu kuwa kosa. Mimi ningelitumia. Tunga katikati ya kipande vipimo vinane (yale mafungu ya mapigo yanayotengwa kwa mstari) vya sauti nne, soprano, alto, teno na besi, kama vile kwaya yenu inavyoimba kila Jumapili, bila kuona haya. Hakikisha tu kwamba katika kila kodi ya maana, noti inayoamua kama kodi ni meja au maina, yaani ile ya tatu kutoka kwenye msingi wa kodi, umeikabidhi sauti ya tatu, na hakuna sauti nyingine inayoirudia. Kisha, unapoviandika vipimo hivyo kwa mara ya kwanza ndani ya kipande, iondoe sauti ya tatu. Kitakachobaki ni kodi zenye uwazi katikati, ambazo sikio haliwezi kusema kama ni za furaha au za majonzi, na wanakwaya wenzako, ambao kwa miaka tisa walimsikia kutoka nyuma ya mabega yao, watajua ni nani hayupo kabla hawajajua ni nini kilichopungua katika muziki. Baadaye, karibu na mwisho, geuza mambo: nyamazisha soprano, alto na besi, uipige sauti ya tatu peke yake kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Wimbo wa teno ukitengwa hivyo huwa wa ajabu kidogo, huzunguka noti chache, hurudi palepale, hungoja wengine wasiokuja. Mtu akiusikia anaelewa kazi ambayo waimbaji wa sauti hiyo huifanya bila kusifiwa.

Kuhusu mapigo, usikubali kila kitu kiwe vipimo vinne vinne. Huo ndio mtindo wa kitabu cha nyimbo: sentensi mbili za vipimo vinne, mtuo, kisha nyingine mbili. Mrusi Modest Mussorgsky, alipofiwa na rafiki yake msanifu majengo na mchoraji Viktor Hartmann, aliyefariki mwaka 1873 akiwa na miaka 39, alitunga mwaka uliofuata mfululizo wa vipande vya piano juu ya michoro ya marehemu iliyokuwa imeonyeshwa mjini St. Petersburg. Kati ya michoro aliweka wimbo wa mtu anayetembea ukumbini, na wimbo huo una mapigo matano, kisha sita, kisha matano, kama hatua za mtu mnene anayesimama kila anapoona kitu. Baadaye, katika sehemu ya makaburi ya chini ya ardhi, wimbo uleule wa kutembea unarudi katika B maina, huku mkono wa kulia ukitetemesha noti za juu kimyakimya: aliye hai anatembea sasa miongoni mwa waliolala. Jaribu mapigo matano katika sehemu za mluzi, na uache mapigo manne yatawale katika vile vipimo vinane vya kwaya peke yake. Tofauti hiyo itasikika bila kuelezwa na mtu.

Nije kwenye jina. Njia ya kuandika majina kwa noti ipo na ina heshima yake. Wajerumani huita B flati kwa herufi B na huita B ya kawaida kwa herufi H, na ndiyo maana jina la mtunzi Bach laweza kupigwa: B flati, A, C, B. Mwaka 1909, miaka mia moja baada ya kifo cha mtunzi Haydn, watunzi kadhaa wa Ufaransa, Ravel na Debussy wakiwamo, waliombwa kutunga juu ya jina lake, na kwa kuzipanga herufi zote za alfabeti chini ya noti saba wakapata B, A, D, D, G. Ni mchezo mzuri. Lakini nikuulize, ni nani Seme atakayeusikia? Utajua wewe, na atajua mwalimu wa muziki akipewa karatasi. Dholuo ni lugha ya toni. Jina la rafiki yako, na zaidi lile jina la sifa ambalo wenzake walimtupia katika pakruok, yale majigambo ya kusifiana ya Waluo, lina mpando na mshuko wake linapotamkwa. Litamke kwa sauti kubwa kama mtu anayemwita kutoka ng'ambo ya barabara, jirekodi kwa simu, kisha uutafute mshuko huo kwenye vitufe. Mama yake atautambua huo kabla ya herufi yoyote. Hata hivyo, kama mluzi unatosha, achana na jina kabisa, kwa sababu kipande cha dakika tatu hakibebi alama mbili za mtu mmoja bila moja kuifunika nyingine.

Wimbo wa ibada alioupenda, ndiyo, ila kwa kipimo cha chumvi. Chukua mstari mmoja, usiwe ule wa mwanzo ambao kila mtu ataanza kuuimba nawe, bali wa katikati, na uuweke ndani, chini ya melodi yako, mara moja tu. Ukiupiga wote, watu wataimba, mfawidhi ataongeza beti, na kipande chako kitakuwa kimekwisha kabla hakijaisha. Nyimbo nyingi za kale katika vitabu vyetu hazina tena mwenyewe kisheria. Lakini ikiwa alipenda wimbo wa mtunzi aliye hai, au aliyefariki katika miaka 50 iliyopita, sheria ya Kenya inautambua kuwa mali yake au ya warithi wake, na ni adabu kuomba ruhusa.

Jambo moja hukuniuliza, nami nalitaja kwa sababu najua litakujia usiku: usiitunge ajali. Mwaka 1652 mjini Paris, mpiga ala wa nyuzi aliyeitwa Blancrocher alianguka kwenye ngazi akafa, na rafiki yake Johann Jakob Froberger akamtungia ombolezo la kinanda ambalo humalizika kwa noti zinazoshuka moja baada ya nyingine hadi chini kabisa. Limekaa zaidi ya miaka 370 na bado linasimamisha nywele. Lakini Froberger alitumia mteremko mmoja tu, mwishoni kabisa, na hakuwa akiupiga mbele ya mama wa marehemu aliyeketi chini ya hema umbali wa mita tatu. Wewe utakuwa hapo.

Sasa ala yenyewe. Wewe umezoea kinanda cha kanisa, na kinanda hushika sauti kwa muda wote ambao kidole kimebonyeza. Wengi wenu huongeza juu yake sauti za fidla ili pasiwe na nafasi tupu, na mkibanwa na ki ngumu mnabonyeza kitufe cha kuihamisha. Piano haifanyi hivyo. Nyundo ikishaugonga waya, sauti imeanza kufa, na hakuna utakalolifanya kidoleni kuiongezea nguvu. Kwa hiyo usijaze. Baada ya mluzi, subiri uisikie sauti ikiondoka kabla hujaweka inayofuata, na tumia pedali kwa kusikiliza badala ya kuikanyaga kwa mazoea, maana ukiishikilia juu ya kodi mbili tofauti utapata ugali usioiva. Katika maandamano ya mazishi yaliyo ndani ya sonata yake ya B flati maina, Frédéric Chopin aliutengenezea mkono wa kushoto kodi mbili tu zinazopokezana kama kengele kwa ukurasa mzima, kisha katikati akaacha melodi moja nyembamba ya D flati meja, yenye noti chache kiasi kwamba mwanafunzi wako anaweza kuisoma. Ni sehemu hiyo nyembamba inayowavunja watu moyo.

Uliza mapema kitakachokuwapo Seme. Nadhani kitakuwa kibodi ya vitufe 61 na jenereta, wala si piano yenye vitufe 88; na hata kama ungepata piano ya ukutani, unyevu wa ziwa hauzionei huruma nyuzi zake. Kibodi ya vitufe 61 huanzia oktava mbili chini ya C ya katikati na kuishia oktava tatu juu yake, kwa hiyo mluzi wako wa juu utaingia, lakini besi nzito za chini ya hapo zisahau. Beba pedali yako mwenyewe, kwa kuwa ya kukodi mara nyingi huja bila hiyo, chagua sauti ya piano peke yake, na hakikisha kitufe cha kuhamisha ki kimerudishwa sifuri, maana aliyekitumia kabla yako pengine alikuwa akimfuata mwimbaji mwenye mafua.

Urefu usizidi dakika nne. Kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, mapigo 190 hivi yanakupa dakika tatu na kidogo, na hapo mna nafasi ya mluzi katika oktava zake tatu, vipimo vinane vya kwaya bila teno, na teno peke yake. Tunga kwa solfa ukitembea, ikiwa ndivyo akili yako inavyofanya kazi, lakini mwisho kiandike kwenye karatasi ya mistari mitano, na tarehe, na maneno ya kukitoa kwake, baada ya kuwauliza wazazi jina lipi liandikwe. Kikishakamilika kiweke kando wiki mbili, kisha ukipige tena na ufute; aghalabu kinachofutwa ni vipimo vya mwanzo, vile tulivyoviandika tukijipa ujasiri.

Siku yenyewe huenda ukalia. Kwa hiyo fanya mazoezi mpaka mikono iweze kwenda bila wewe, na umpe mpiga kinanda mwenzako nakala aketi karibu, bila kumtangaza. Zungumza pia na mfawidhi mapema. Mwishoni kutakuwa na zile noti tatu chini ya mkono wako wa kushoto, bila kodi, na ile A itachukua sekunde kadhaa kuisha hewani. Mwombe asiguse kipaza sauti mpaka aone umeuondoa mguu kwenye pedali.